Kabla Joto Halijapanda

"Usiongee," mume alisema. "Ukiongea hewa inaingia, kipimo kinadanganya."

Mke hakuwa ameongea. Alikuwa amelala chali, kipimajoto mdomoni, macho darini. Nje kulikuwa kumeanza kupambazuka, na jirani wa upande wa pili wa ukuta alikuwa akiburuta ndoo na kukohoa. Mume alikaa ukingoni mwa kitanda akiitazama saa yake. Muda ulipotimia alikivuta kile kijiti cha kioo taratibu, akakigeuzageuza dirishani mpaka akauona mstari.

"Bado," alisema.

Alikifuta kwa pamba, akakirudisha kwenye ala yake, akaitundika ala kwenye msumari juu ya kitanda. Kisha akaanza kuvaa shati la kazi.

"Umemaliza?" mke aliuliza.

"Nimemaliza. Hakijapanda. Labda mwisho wa wiki."

"Basi na mimi nimemaliza. Hiyo ndiyo mara ya mwisho naweka kitu hicho mdomoni mwangu."

Mume alitabasamu huku akifunga vifungo. "Kila mwezi unasema hivyo."

"Kila mwezi nasema nimechoka. Leo sijasema nimechoka. Mama mdogo amefungua duka la dobi kule kwake, anataka mtu wa kusimamia pasi. Nimemwambia nitampa jibu damu yangu ikija. Ikija mwezi huu, nakwenda."

"Kutembea?"

"Na begi langu."

Mume aligeuka. Begi la mkewe, ambalo tangu waoane lilikaa juu ya kabati likila vumbi, lilikuwa chini karibu na mlango. Lilikuwa limefutwa likang'aa. Alipitwa vipi na kitu kikubwa namna hiyo, hakujua. Asubuhi zote alikuwa akitazama kijiti cha kioo.

Mume huyu alikuwa fundi wa tanuri katika kiwanda kidogo cha mikate. Wenzake walimwita Digrii. Kwa miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya tanuri lile lile la matofali, beleshi refu la mbao mikononi, jicho kwenye saa ya joto iliyo mlangoni mwake. Aliuamini mshale wa saa ile kuliko alivyoamini watu. Mkate ukiingia kabla tanuri halijashika moto, hutoka mzito kama jiwe. Hilo hakuna aliyeweza kumbishia.

Kwa hiyo dada yake mkubwa alipompa kipimajoto pamoja na zawadi nyingine za harusi, kikiwa kimefungwa katikati ya sufuria na mashuka, na kumweleza kwamba joto la mwanamke hupanda yai likitoka, Digrii hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Alielewa palepale, na alielewa vibaya. Aliweka sheria nyumbani: joto lisipopanda hamgusi mkewe, ili nguvu zitunzwe. Joto likipanda, ndipo. Baada ya hapo damu ilikuja, wakaanza upya. Miaka mitatu ilipita hivyo, na katika miaka hiyo hakuwahi kukosea kipimo hata siku moja.

"Nifanye nini begi lirudi juu?" aliuliza sasa. Alitaka iwe mzaha, lakini sauti haikumtii.

"Twende zahanati. Wote wawili. Leo."

Mara mbili alikuwa amekataa, akisema yeye haumwi popote. Safari hii alilitazama begi, akaenda kutafuta viatu vyake vizuri.

*

Muuguzi aliyewapokea alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Chumba chake kilikuwa na meza, mizani ya watoto na pazia la kijani lisilofika chini. Aliuliza maswali yake kwa haraka, na mke ndiye aliyejibu. Hapana, hajawahi kushika mimba. Ndiyo, damu inakuja kila mwezi, ila mara inawahi, mara inachelewa.

"Na mnakutana siku zipi?"

Mke aligeuka kumtazama mumewe. Digrii akajiweka sawa kwenye kiti, kwa kuwa hapa ndipo alipokuwa na majibu.

"Hapo usihangaike, sista. Sisi tunakwenda kwa kipimo. Kila asubuhi kabla hajanyanyuka, napima. Joto likipanda, ndipo tunakutana."

"Na kabla ya kupanda?"

"Tunapumzika. Nguvu zinatunzwa."

"Hata siku moja hamkutani?"

"Hata moja," alisema Digrii kwa fahari.

Muuguzi alivua miwani, akaiacha ining'inie. "Muda gani sasa?"

"Miaka mitatu. Sijakosea."

Mke alitoa sauti ndogo kooni. Haikuwa kicheko na haikuwa kilio. Alikuwa akiutazama uso wa muuguzi, na alichokiona pale kilimfanya ashike ukingo wa meza.

"Kaka yangu," alisema muuguzi, "nisikilize mpaka mwisho, halafu ugombe. Joto la mwanamke halipandi ili yai litoke. Linapanda kwa sababu yai limeshatoka. Na yai likishatoka halina subira. Linaishi nusu siku, sanasana siku nzima. Asubuhi unapoona kipimo chako kimepanda, mara nyingi yai limeshakwisha. Wewe miaka mitatu unafika mazishini, unauliza mgonjwa anaendeleaje."

"Haiwezekani."

"Inawezekana, umeiweza."

"Sista, mimi ni mtu wa moto. Huwezi kuingiza mkate kwenye tanuri la baridi."

"Mkate gani? Huyu hapa ni tanuri?"

Muuguzi akapunguza sauti.

"Zenye subira ni mbegu zako wewe. Zinaweza kukaa ndani ya mwanamke siku tatu, pengine hata tano, zinangoja. Kwa hiyo zinatakiwa ziwe zimeshafika yai likitoka. Siku zenu ni zile chache za kabla ya joto kupanda, na zile mbili za mwisho ndizo zenye nafasi kubwa kuliko zote. Hizo ndizo ulizokuwa unapumzika."

"Sasa kama joto haliniambii, nitazijuaje?"

"Wewe hutazijua." Alimgeukia mke. "Utazijua wewe, dada yangu. Ukiona majimaji ya ukeni yamekuwa mepesi, yanateleza, yanavutika kama ute wa yai bichi, ndizo hizo. Na usikubali kuambiwa siku ya kumi na nne ni ya wanawake wote. Mwezi wako unatangatanga, na siku zako zinatangatanga nao."

Mke alitafakari kidogo. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, na mambo aliyapima kwa mikono yake. "Kwa hiyo maji kwanza, moto baadaye," alisema. "Kama nguo. Hunyunyizi maji ukishapitisha pasi."

Muuguzi alicheka. "Hujakosea sana." Kisha akainua kidole. "Lakini msije mkanilaumu. Hata wanaozipata siku zenyewe, mwezi unaweza kupita mtupu, na wa pili, na wa tatu. Jaribuni miezi kama sita. Ikikataa, mrudi mpimwe. Wote wawili, kaka. Usiniletee mke peke yake."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Mke alitangulia. Walipita karakana ya magari, wakapita ukuta mrefu wa shule, Digrii akimfuata nyuma. Kwenye kona ya mtaa wao mke alisimama, akageuka.

"Unajua kinachoniuma? Si hiyo miaka. Miaka imepita, basi. Kuna siku nilikuwa nakusogelea mwenyewe, bila kipimo, kwa kuwa nakutaka. Unanigeuzia mgongo. Unaniambia joto bado. Nalala naangalia mgongo wako mpaka unaanza kukoroma." Aliyafuta macho yake kwa nguvu, kama anayafokea. "Sasa ndiyo naambiwa siku zile mwili wangu ulikuwa na akili kukushinda."

"Sikujua."

"Mimi si tanuri, Digrii."

Kwa kawaida alimwita Fundi. Digrii lilikuwa jina la kiwandani.

"Nitarekebisha," alisema.

"Hurekebishi kitu. Sipimwi tena. Siku ikifika nitajua mimi, nitakwambia. Ukija, umekuja. Usipokuja, nitajua pia."

Begi lilibaki mlangoni.

*

Siku chache baadaye kiwanda kilipata kazi kubwa. Kambi ya wanaojenga barabara ilitaka mikate ya siku kadhaa kwa mpigo, na mama mwenye kiwanda aliagiza tanuri lisipoe mpaka mikate yote iishe. Digrii alikubali kulala huko huko siku mbili. Alipomweleza mkewe asubuhi, mke alisema "sawa" tu, akaendelea kupasha chai.

Adhuhuri simu ya Digrii ilitetema mfukoni mwa aproni. Tanuri lilikuwa limejaa, mshale ulikuwa pale anapoupenda, na kwenye meza ndefu trei nyingine zilikuwa zimefunikwa vitambaa, donge lake likiumuka polepole.

"Leo," mke alisema.

Digrii alisogea ukutani. "Mke wangu, nina tanuri limejaa. Nimekwambia nalala huku."

"Najua."

"Haiwezi kungoja keshokutwa? Sista si alisema mbegu zinangoja?"

"Zikiwa zimefika ndiyo zinangoja. Wewe hujafika."

Simu ikakatika.

Alisimama ameishika. Mkandaji wa unga, mtu mfupi aliyeitwa Kipara na ambaye kweli hakuwa na unywele hata mmoja, alikuwa akimtazama huku mikono imezama kwenye donge.

"Shemeji anaumwa?"

"Haumwi."

"Mbona umekuwa mweupe kuliko huu unga?"

"Ananiita nyumbani."

"Sasa si uende."

"Niende, hapa asimame nani?"

"Mimi niko wapi, sokoni?"

Digrii alilitazama beleshi lake. Kipara alikuwa amekanda unga katika chumba kile karibu muda wote ambao yeye alikuwa ameuoka, na hakuwahi hata mara moja kuruhusiwa kugusa beleshi. Digrii alipougua homa alikuja kazini na blanketi mabegani. Siku baba yake mzazi alipolazwa, alioka kwanza ndipo akaenda. Watu walisifu. Yeye mwenyewe alijisifu.

Mama mwenye kiwanda alitokea ofisini, kalamu sikioni. "Kuna nini? Mbona hakuna anayefanya kazi?"

"Naomba ruhusa, mama. Saa chache."

"Leo? Leo hii?" Alimtazama kama mtu aliyeona ukuta ukiongea. "Kuna msiba?"

Ingekuwa rahisi kusema ndiyo. Msiba hauna maswali. Digrii alihisi neno limefika kwenye ulimi, akalimeza.

"Hapana. Ni mke wangu. Ananihitaji."

Mama mwenye kiwanda aliwatazama wote wawili, kisha akaitazama ile milima ya trei. "Kipara ataweza?"

Swali hilo aliulizwa Digrii, si Kipara. Kuni zililia ndani ya tanuri. Kipara aliinama juu ya donge lake, na hata kwa nyuma ilionekana kwamba shingo yake imekakamaa. Digrii aliutazama mshale. Ulikuwa umeanza kupita pale unapotakiwa. Aliwaza mikate ya kambi nzima ikiungua, jina lake likiungua nayo. Kisha akaliwaza begi, jinsi lilivyong'arishwa.

"Ataweza," alisema.

Alimkabidhi beleshi. Vidole vyake vilichelewa kuachia, na Kipara akalazimika kulivuta kidogo.

"Nitoe kwenye digrii ngapi?" Kipara aliuliza, na safari hii hakuwa na utani.

Digrii alikuwa na jibu. Aliligeuza kichwani, akaona litamchanganya mwenzake.

"Usiiangalie hiyo saa," alisema. "Angalia rangi. Ukiona inakupendeza, gonga mkate chini. Ukilia kama kitu kitupu, toa."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Hakubadilisha shati. Alipita mtaani mchana kweupe na aproni yake, unga ukimdondoka. Muuza viatu alimwita, "Fundi, umekimbia mkate au mkate umekukimbia?" Hakugeuka. Alipita karakana, akapita ukuta wa shule, akifikiria neno atakalosema mlango ukifunguliwa. Alifikiria pia kwamba huenda mlango usifunguliwe. Saa yake ilikuwa mkononi lakini hakuitazama, aliogopa.

Alibisha. Kimya. Akabisha tena.

Mke alifungua. Alikuwa amevaa kanga ya nyumbani, na nyuma yake begi lilikuwa pale pale. Alimtazama kutoka juu mpaka chini.

"Una unga kwenye nyusi."

"Nimekuja."

"Naona. Mikate?"

"Iko kwa Kipara."

"Kipara yupi? Yule wa kukanda?" Alisogea karibu, kama hakusikia vizuri. "Umempa Kipara beleshi?"

"Nimempa."

Mke alichukua ncha ya kanga, akamfuta unga kwenye jicho moja, halafu la pili, bila haraka. Digrii alisimama kama mtoto anayenawishwa. Macho yake yalipofunguka yaliangukia ukuta ulio juu ya kitanda. Msumari ulikuwepo. Ala haikuwepo.

Mke alifunga mlango.

*

Baada ya hapo kilichobaki kilikuwa kungoja, na Digrii hakuwa ameumbwa kwa kungoja bila mshale wa kutazama. Kipara aliunguza trei mbili tu, na wajenzi wa barabara walikula zote bila kulalamika, wakasema wanapenda gome gumu. Mzaha huo ulidumu kiwandani wiki nzima. Digrii alicheka na wenzake, lakini masikio yake yalikuwa kwenye simu.

Nyumbani hakuruhusiwa kuuliza. Mke alikwenda kazini, akarudi, akapika, akacheka na jirani dirishani. Digrii aliuchunguza uso wake kama anavyochunguza gome la mkate, na hakuona chochote. Alijikuta akihesabu siku kwa vidole chini ya meza, akijikemea, akiacha, akianza tena. Wakati mwingine mke alimsogelea usiku bila sababu ya kalenda yoyote, naye hakugeuza mgongo. Begi halikupanda kabatini. Halikutoka nje pia.

Kisha jioni moja alirudi akamkuta mke amekaa kitandani, mikono mapajani. Begi lilikuwa juu ya meza, zipu wazi.

Alijua kabla hajaambiwa.

"Imekuja," mke alisema. "Mchana, nikiwa kazini."

Digrii aliketi kwenye kiti cha mlangoni. Alitaka kusema kwamba sista aliwaonya, kwamba mwezi mmoja si kitu, kwamba miezi ni sita. Kila neno lilimwonekea kama hesabu, na hesabu zake alikuwa amezichoka hata yeye.

"Basi lako ni la saa ngapi?" aliuliza. "Nitakubebea begi."

Mke alimtazama. "Unanifukuza?"

"Wewe si ulisema ikija mwezi huu unakwenda?"

"Nilisema." Aliingiza mkono ndani ya begi, akatoa gauni lililokunjwa vizuri, kazi ya mpiga pasi, akaliweka kitandani. Akatoa jingine. Digrii hakuelewa mpaka alipotoa la tatu. "Nimempigia mama mdogo. Nimemwambia atafute mtu mwingine wa pasi. Kanitukana, nimetukanika."

"Lakini hatujapata kitu."

"Hatujapata. Na mwezi ujao huenda tusipate tena. Sista alisema." Alikunja begi tupu, akamnyooshea. "Mwezi huu nililia mchana, nikiwa kazini, kwa sababu nilitamani mtoto. Ile miezi mingine nilikuwa nalia kwa sababu yako. Kuna tofauti. Pandisha hili juu, mimi sifiki."

Digrii alisimama kwenye kiti, akaliweka begi juu ya kabati. Pale juu, nyuma ya boksi la viatu, aliiona ala ya kipimajoto. Aliiacha ilipo, akashuka.

*

Mwezi uliofuata, asubuhi, mikate ya kwanza ilikuwa ndiyo inaingia tanurini, simu ilitetema mfukoni mwa aproni. Chumba kizima kiligeuka. Hata mama mwenye kiwanda alichungulia kutoka ofisini.

Digrii alisikiliza. Lilikuwa neno lile lile la mwezi uliopita: "Leo."

Kipara alikuwa ameshafuta mikono yake. Alisogea mbele ya tanuri, akanyoosha mkono kupokea beleshi, na safari hii hakulazimika kulivuta.